Tuishi Vipi Ugenini Kabla ya Kurudi Kwetu

Maneno yaliyosemwa na mwalimu mmoja wa shule za msingi za Base Camp, Nakivale, mbele ya wazazi, walimu na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Yamechapwa katika toleo hili la ukumbusho kwa ombi la Kamati.

    

Kamati imetupa kichwa hiki cha maneno: maisha ya familia ugenini kabla ya kurudi kwao. Tukisema "sisi" msidhani tunajikweza. Mara ni nyumba yetu yenye watu saba, mara ni sisi walimu, na mara ni sisi sote tunaokaa hapa. Mtatambua wenyewe.

Kila nyumba hapa ina neno moja linalosemwa jioni, sahani zikishaoshwa: "mwakani." Mwakani tutakuwa kwetu. Mwakani vita vitakwisha. Neno hilo ni zuri, maana bila hilo mtu angekata tamaa. Lakini lisipoangaliwa, linakula maisha ya watoto. Tumekuja kusema hivi: siku tunazoishi hapa si siku za kusubiri tu. Ndizo zinazoamua tutarudi kwetu tukiwa watu wa namna gani.

KWANZA, TUWAKUMBUKE WALIOTUTANGULIA

Makazi haya ya Nakivale yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Isingiro yote siku hizo ilikuwa sehemu ya Ankole. Watu waliojaa hapa mwanzoni walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao Novemba 1959. Wakaonyeshwa vilima hivi na kingo za ziwa hili, wakaanza kufyeka.

Nao pia walisema mwakani. Lakini mwaka ulizaa mwaka. Watoto waliokuja mgongoni mwa mama zao wakaoa na kuzaa hapahapa. Wengine wakatoka kambini, wakafuga, wakafanya biashara Mbarara na mbali zaidi, wakadhani wamekwisha kuwa wenyeji. Kisha ikaja Oktoba 1982, wakati wa utawala wa pili wa Obote, ambapo watu wa asili ya Kinyarwanda walifukuzwa katika nchi ya Ankole. Maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda, na maelfu wengine wakarudi kujibana ndani ya Nakivale na Oruchinga. Aliyekuwa na nyumba ya bati akalala tena chini ya turubai. Vita vya kwao vikaanza Oktoba 1990, na wengi wao wakarudi mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, watu wengi wakiwa wamekufa na nchi imebomoka. Kutoka 1960 hadi 1994 ni miaka 34. Hiyo si safari tena, ni umri wa mtu mzima.

Sasa tuulize: waliporudi, walirudi na nini?

Mashamba ya babu zao hayakuwa yanawangoja. Katika mapatano ya Arusha, sehemu iliyotiwa sahihi Juni 1993 ilisema kwamba kurudi ni haki ya kila Mnyarwanda, lakini ikashauri kwamba aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai tena ardhi iliyokwisha kukaliwa na mwingine. Fikirini neno hilo, wazazi. Mzee alimwonyesha mwanawe kwa kidole, miaka 30, kilima chao na mkuyu wao, kumbe kilima kina mtu mwingine na watoto wake. Waliotoka huku na ng'ombe wengi waliingia Umutara, kaskazini-mashariki, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi ya Akagera ikakatwa ili watu wapate mahali pa kukaa na kuchunga.

Na hata majina walipewa mapya. Waliotoka Uganda wakaitwa Abasajya, kwa neno la Kiganda. Waliotoka Zaire na Burundi wakawa na majina yao pia. Mtu aliyeitwa Mnyarwanda miaka yote alipokuwa Uganda, alipofika Rwanda akaitwa mtu wa Uganda.

Walichorudi nacho kwa hakika ni kile kilichokuwa kichwani na mikononi. Waliosoma, elimu yao iliwafuata. Kule Mbarara iko Ntare School, iliyofunguliwa mwaka 1956. Vijana wa wakimbizi walisoma humo, na mmoja wao baadaye akawa Rais wa nchi yake. Jina lake mnalijua, na siasa tumeiacha nje ya mlango, kama kanuni ya Kamati inavyotaka. Sisi tunasema habari ya shule tu. Kiingereza walichojifunza watoto wale katika madarasa ya udongo ya Ankole kiliingia nao kwao, na mwaka 2008 serikali ya Rwanda ikaamua kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Nani kati ya wazazi wa mwaka 1960 angeweza kujua hayo? Walimpeleka mtoto shule kwa sababu shule ilikuwapo, basi.

PILI, TUTAZAME SIKU YETU YA KILA SIKU

Sisi tulivuka Bunagana Julai 2012, mji ule ulipochukuliwa na M23 mara ya kwanza. Tukalala Nyakabande, karibu na Kisoro, kisha basi likatuleta mpaka Kabazana, na kutoka Kabazana tukapewa kiwanja, turubai, jembe na sufuria mbili. Tulikuwa tumemaliza chuo cha ualimu, ISP ya Goma, na tulikuwa na umri wa kujiona tunajua kila kitu. Tulisema: Krismasi tutakuwa Rutshuru.

Jirani yetu wa upande wa chini, mama mwenye watoto watano, alikuja na basi lilelile. Wiki ya kwanza alitafuta migomba kwa wenyeji akapanda nyuma ya nyumba. Akala parachichi aliyopewa na Mnyankole mmoja, akaifukia mbegu pembeni ya choo. Tukamcheka. Tukamwambia, "Mama, mti huu utaliwa na nani? Unataka kuzeeka hapa?" Akajibu, "Mwalimu, mti hauulizi pasipoti."

Sisi hatukupanda mti kwa miaka mitatu. Kiwanja chetu kilikuwa na maharage upande mmoja na magugu upande mwingine. Mwaka wa pili, yeye alipokuwa akikata ndizi, sisi tulikuwa tukinunua kwake. Mnaona aibu hiyo? Mwalimu mwenye diploma ananunua ndizi kwa mama ambaye hakumaliza darasa la nne, na ardhi tulipewa sawa.

Siku ya nyumba yetu ni kama siku ya nyumba zenu. Saa kumi na moja alfajiri mmoja ameshika foleni ya maji na bidoni za njano, maji ya ziwa yaliyosafishwa. Mmoja anawasha moto. Chai ikiwa na sukari ni heri, ikikosa ni uji. Watoto wanakwenda shule, mama anakwenda shamba au sokoni, na jioni ni posho na maharage. Siku ya furaha ni sombe, na ikiwa mtu ametoka Mbarara, samaki mkavu. Safari ya Mbarara kupitia Isingiro ni siku nzima. Unakwenda kutafuta dawa, au kushona sare, au kuuza vitenge, au kupiga picha za pasi kwa ajili ya fomu fulani. Ukifika mjini unaona ng'ombe wenye pembe ndefu kwenye mabango, chuo kikuu, hospitali kubwa na magari. Unakumbuka kwamba dunia inaendelea. Kisha taksi ya mwisho inakurudisha, vumbi mpaka kwenye kope.

Nasi tumeyaita mahali petu kwa majina ya kwetu. Kuna New Congo, kuna New Buja, kuna Kigali. Hakuna mtu aliyetulazimisha. Mtu akiitwa "unakaa wapi?" anajibu "Kigali", na kumbe Kigali hiyo iko Isingiro.

Shuleni, sisi tuliosomea ualimu Kongo wengi hatuitwi walimu kwenye karatasi. Tunaitwa wasaidizi wa darasa. Mwalimu mkuu wa somo anasema kwa Kiingereza, nasi tunaeleza kwa Kiswahili na Kinyabwisha, mwenzetu anaeleza kwa Kirundi, na kule nyuma kuna watoto wa Kisomali wanaoelezana wenyewe. Darasa lina watoto zaidi ya mia. Wengine wanaona hiyo ni dharau. Hata sisi tuliona hivyo mwanzoni. Lakini mtoto anayeelewa hesabu kwa sababu ulimtafsiria, haulizi cheo chako.

Sababu ya sisi kuwa wasaidizi ni hii, na tunaisema bila kumlaumu mtu: diploma yetu ilibaki chini ya godoro siku tulipokimbia. Tulichukua godoro la mtoto, tukaacha lile lenye karatasi. Ilituchukua miaka mitatu kupata nakala kutoka shuleni, ikaja kwa mkono wa mfanyabiashara, imefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Ilipofika, ilikuwa kwa Kifaransa. Ofisi moja ikataka tafsiri, nyingine ikataka ulinganisho wa vyeti, na kila muhuri una bei yake. Usiku mmoja tuliketi na mke wetu, tukahesabu: fedha za muhuri ni fedha za bati mbili. Tukanunua bati, maana mvua ilikuwa inakuja.

Lugha nayo ni jambo la kila siku. Mtoto wetu wa pili alizaliwa hapa. Siku moja nyanya yake alimwita kwa Kinyabwisha, naye akaitikia, "Yes, nyabo." Sisi tukacheka. Nyanya hakucheka. Akasema, "Huyu nitamwonyesha kaburi la babu yake kwa lugha gani?" Tangu usiku ule tuliweka sheria ya nyumba: shuleni Kiingereza, uani Kiswahili, kwa nyanya lugha ya nyanya, na siku mbili kwa wiki, baada ya chakula, nusu saa ya Kifaransa. Tuliandika kwa mkaa juu ya kipande cha ubao. Watoto wananung'unika, lakini wanajua.

TATU, HABARI YA BAHASHA

Novemba 2013 tulisikia redioni kwamba M23 wameshindwa. Watu walipiga vigelegele mpaka usiku. Yule jirani yetu, mama wa migomba, aliamua kurudi. Hakurudi wiki ile. Alingoja mavuno ya kwanza ya mwaka 2014, akamtuma kwanza mumewe peke yake kwenda kutazama. Mume akakaa wiki tatu, akarudi akasema: nyumba haina paa, shamba lipo, kaka yake analilima, lakini atawaachia nusu. Hapo ndipo walipoanza kufunga mizigo.

Kwa muda wa mwezi mmoja kabla ya kuondoka, mama huyu alikuja shuleni mara nne. Alitaka ripoti za watoto wote watano, za kila muhula. Alitaka barua ya uhamisho yenye muhuri. Alitaka kadi za chanjo kutoka kituo cha afya. Alitaka cheti cha binti yake mkubwa aliyejifunza ushonaji. Walimu wengine walichoka naye wakasema, "Mama, huko unakokwenda nani atasoma Kiingereza?" Yeye akakaa kwenye benchi akingoja. Vyote akavitia katika bahasha ya plastiki, akaishona kwa uzi ndani ya kitenge chake. Vingine aliuza: mbuzi, godoro, viti. Kiwanja hakukiuza, maana sheria haituruhusu kuuza ardhi tuliyopewa kutumia, alikiaga tu. Alipita kila mgomba akiushika kwa mkono. Ule mche wa parachichi ulikuwa umefika kiunoni.

Tulipata habari zao. Kule Rutshuru mkuu wa shule alizitazama ripoti, Kiingereza hakukijua, lakini tarakimu na muhuri alivijua. Watoto waliwekwa darasa moja chini kwa ajili ya Kifaransa, si zaidi. Binti akapata cherehani ya kukodi sokoni. Familia nyingine iliyoondoka mwezi uleule bila karatasi yoyote, mtoto wao wa darasa la sita aliketishwa na watoto wa darasa la pili. Alikuwa na ndevu zinaanza kuota. Alivumilia muhula mmoja, akaacha. Huyo tulimfundisha sisi wenyewe kusoma, na hatukumwandikia barua kwa sababu hakuna aliyetuomba, wala sisi hatukufikiri.

Na hadithi haikuishia hapo. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilianguka tena. Wiki chache baadaye tulimwona mama yuleyule Kabazana, amekonda, mumewe hayupo tena. Alipotuona akagusa kitenge chake, akasema, "Mwalimu, bahasha imerudi." Ndani zilikuwamo ripoti za Uganda na ripoti za Kongo pamoja. Mtoto wake wa mwisho aliingia darasa lake bila kupoteza mwaka.

Kiwanja chake cha zamani kina watu wengine sasa, Warundi. Parachichi inazaa. Mwenye nyumba humletea ndoo moja kila msimu, bila kuombwa. Mama haidai, maana anajua si yake tena. Lakini anakula matunda ya mti aliocheka nao mwalimu. Sisi tulipanda wetu mwaka 2015. Nao umeanza kuzaa, tumechelewa tu.

NNE, KURUDI NA KURUDISHWA

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa tarehe 10 Septemba 1969 unasema wazi kwamba mkimbizi harudishwi kwao bila hiari yake. Wazee wa hapa wanakumbuka malori ya Julai 2010, yaliyowachukua Wanyarwanda zaidi ya 1,700 kutoka Nakivale na Kyaka. UNHCR yenyewe ililalamika. Hatutaki kufukua jambo hilo leo. Tunalitaja ili kila mtu ajue kwamba maneno "kurudi" na "kurudishwa" yanafanana kwa sauti tu.

Tunawakumbuka pia wenzetu wa Kyangwali. Tarehe 22 Machi 2014 walipanda mashua Ziwa Albert kurudi Kongo kwa hiari yao, wakiwa na haraka ya kufika, mashua imejaa kupita kiasi. Ilizama. Zaidi ya watu 100 walikufa maji, wengi wao watoto. Walikuwa na hamu ileile tuliyo nayo sisi. Tuwanyamazie kidogo.

Asanteni.

Sasa kuna kitu cha tatu, nacho tunawaambia hasa ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Tangu Julai 2023 mgawo wa chakula uligawanywa kwa makundi: wengine asilimia 60, wengine 30, wengine hawapati kitu. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja katika Uganda nzima waliondolewa kwenye mgawo kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Tunajua si nyinyi mnaokaa hapa mlioamua, na wengine wenu pia mlipoteza kazi. Lakini tangu hapo tunasikia majirani wakisema, "Afadhali nikafe kwetu." Mtu huyo akienda ofisini na kuweka kidole kwamba anarudi kwa hiari, karatasi itasema hiari. Sisi tunaokaa naye ukuta kwa ukuta tunajua ni njaa. Anayerudi kwa njaa hapeleki mumewe kwanza kutazama paa. Hangoji mavuno. Haombi ripoti za watoto. Anaondoka usiku, na Januari 2025 Goma yenyewe ilipoanguka, tuliona watu wa namna hiyo wakirudi tena mikono mitupu, mara ya pili.

TANO, SHAURI LETU

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na wenyeji wetu Wanyankole wametuvumilia katika maji, kuni na malisho. Basi tunashauri hivi.

Wazazi: kila nyumba iwe na bahasha. Si lazima ya plastiki, lakini isilowe. Mtieni ripoti za shule, kadi za chanjo, vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa, vyeti vya kazi za mikono, na majina ya shule na miaka, yameandikwa kwa mkono ikiwa karatasi zilipotea. Iwe mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anaijua, maana siku ya kukimbia haichagui nani yuko nyumbani. Msifanye kama sisi tulivyookoa godoro tukaacha diploma.

Msimtoe mtoto shuleni kwa sababu mmesikia uvumi kwamba malori yanakuja muhula ujao. Kama malori yanakuja, yatamkuta darasani, na barua yake tutamwandikia siku ileile.

Lugha ya kwetu msiiache, na lugha ya hapa msiidharau. Mtoto mwenye lugha nne hana mzigo mzito kuliko mwenye moja. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuchota maji, sisi walimu watano tutafundisha Kifaransa na Kiswahili cha kuandika chini ya mti wa kanisa, bila malipo. Tunaanza Jumamosi hii. Waislamu wanakaribishwa sawa na Wakristo, mti hauna dini.

Pandeni. Hata kama mnaondoka mwakani, pandeni.

Waambieni watoto ukweli. Msiwaambie kwamba kwetu ni peponi, ardhi inangoja na ng'ombe wanalia kwa kuwakumbuka. Waambieni yalivyo: kuna shamba, kuna ugomvi wa shamba, kuna wajomba wazuri na wabaya, kuna makaburi. Mtoto aliyeambiwa ukweli hatalia akiitwa mgeni nyumbani kwao, kama walivyoitwa wale wa mwaka 1994.

Na ndugu wa mashirika: tunaomba mambo matatu madogo, hayahitaji wafadhili wakubwa. Barua ya uhamisho wa mwanafunzi itolewe bure na kwa haraka, hata mzazi asiposema anakwenda wapi. Mradi unapofungwa na ofisi kuhama, madaftari ya majina ya wanafunzi na ya waliohitimu ufundi yasichomwe wala kupotelea stoo, yakabidhiwe shule. Na mtu anapokuja kujiandikisha kurudi, kabla ya kuulizwa "unataka kurudi?", aulizwe kwanza, "umekula?"

Bwana Mwenyekiti, tunamaliza. Wapo waliokufa hapa wakisema mwakani. Baba yetu mzazi ni mmoja wao, yuko upande ule wa kilima, na msalaba wake ni wa mti wa mkaratusi. Siku tutakayorudi Rutshuru hatutaweza kumbeba. Tutakuja kumwaga, tutapalilia, na tutamwomba jirani atakayebaki aangalie kaburi lake, kama sisi tunavyoangalia mawe mawili ya zamani yaliyo karibu naye, ambayo hatujui ni ya nani. Labda ni ya mmoja wa wale wa mwaka 1960. Kila mwaka tukilima pale, tunapita kando yake na jembe.

Jumamosi saa tatu, chini ya mti. Waleteni watoto, na daftari kama lipo.